NANI ASHIKA UFUNGUO?

Mazungumzo juu ya kazi za maendeleo zinazoongozwa na wanawake katika kisiwa cha Rusinga



Nimetakiwa kusema machache juu ya jambo ambalo kila mtu wa kisiwa hiki analijua, lakini ni nadra kuzungumzwa hadharani kwa utaratibu. Jambo lenyewe ni hili. Kwa nini vikundi vingine vya wanawake husimama miaka mingi na kuleta manufaa nyumbani, na vingine, vilivyoanzishwa kwa ngoma na hotuba, hufa kabla rangi ya kibao chao haijachujuka?

Jawabu langu ni fupi, na maneno yangu yote yatakuwa ya kulieleza. Kazi ya wanawake husimama pale wanawake wenyewe walipoichagua, wanaposhika mali yake na hesabu yake, na wanapoketi mahali shauri linapokatwa. Likikosekana moja katika hayo, kazi hulegea. Yakikosekana yote, kazi hufa, hata ikimiminiwa fedha nyingi namna gani.

Hali ya kisiwa chetu

Rusinga hula ziwani. Katika ziwa lote la Victoria sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo shamba, duka na benki ya watu wetu, kutoka Litare mpaka Luanda Rombo na fuo nyingine zote. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi mashua zifikapo, kazi huwa ya wanawake. Wao hununua, hubeba, huanika juani, hugeuza, hupakia magunia na kupeleka sokoni. Bila mikono yao omena wangeoza ufuoni siku ile ile.

Lakini mashua, nyavu na taa, kwa sehemu kubwa, ni mali ya wanaume. Mwanamke anayengoja na beseni lake alfajiri hana samaki mpaka mwenye mashua au mvuvi wake akubali kumwuzia. Siku za samaki wengi hilo si neno. Siku za samaki haba, wanawake ishirini hungoja mashua moja, na hapo ndipo ilipopata nguvu ile desturi iitwayo jaboya, yaani mwanamke kutakiwa kutoa mwili wake, juu ya fedha zake, ili apate nafasi ya kununua.

Siyataji haya ili kumwaibisha mtu. Nayataja kwa sababu gharama yake imelipwa kwa maisha. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay watu wazima 19.6 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi, hali Kenya nzima walikuwa 4.9. Katika nyumba nyingi za pwani hii bibi ndiye aliyelea wajukuu, na mjane ndiye aliyeshika jembe na beseni peke yake.

Kwa miaka mingi watu wamehubiriwa juu ya hatari hiyo, na mahubiri yamesaidia. Hata hivyo mwanamke anayeijua hatari vizuri, na ambaye watoto wake hawakula jana, bado anarudi ufuoni alfajiri mikono mitupu. Msaada utakaomfaa ni ule utakaobadili masharti ya ununuzi pale kwenye mchanga. Ndiyo sababu vikundi vya wanawake si mchezo wa kupitisha wakati.

Neno la kwanza: Kuchagua

Vyama vya wanawake havikuja kwetu jana. Tangu zamani wanawake wa pwani hii walikusanyika kulima shamba la mmoja wao kwa zamu, na mpaka leo nyoluoro, yaani kuchangiana na kupokezana kwa zamu, ni desturi inayojulikana kila kijiji. Hakuna mgeni aliyeifundisha.

Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia ustawi wa jamii. Wanawake walifundishwa kushona, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Mafunzo hayo yalikuwa na faida, wala hatuna haja ya kuyadharau. Lakini orodha ya mafunzo iliandikwa ofisini, na katika miaka ya Hali ya Hatari serikali ilivitumia vyama vile kwa haja zake za kisiasa pia. Mwanamke alifundishwa kutunza nyumba vizuri, na mara chache aliulizwa nyumba ile ni mali ya nani.

Tulinganishe na jambo lililotokea katika Mkoa wa Kati baada ya Uhuru. Huko wanawake wa vijiji walichoka na mapaa ya nyasi yanayovuja, tena mvua iliyoshuka juu ya nyasi haikuweza kukingwa ikawa maji safi ya kunywa. Wakaanza kuchanga, wakafanya vibarua mashambani, wakanunua mabati na kuezekeana nyumba moja baada ya nyingine. Wakaitwa wanawake wa Mabati. Haja ilikuwa yao, fedha zilikuwa zao, na kila mmoja aliiona faida kwa macho yake zamu yake ilipofika. Vingine vya vikundi hivyo viliendelea hata kununua ng'ombe na ardhi.

Fundisho kwetu ni wazi. Anapokuja mtu kutoka mbali na kusema, "Nimewaletea kazi ya kuku," msipige makofi kwanza. Mwulizeni kama anaweza kukaa juma moja nanyi akasikiliza. Labda haja ya wanawake wa ufuo huu ni kuku. Labda ni vichanja vya kuanikia omena, kwa kuwa omena walioanikwa juu ya kichanja hukauka upesi, hawachanganyiki na mchanga, na hupata bei ya chakula cha watu kuliko bei ya chakula cha mifugo. Anayejua ni yule anayeanika.

Neno la pili: Mali

Katika ufuo wa Nduru upande wa Nyakach, wanawake walifanya jambo ambalo habari zake zilienea mpaka ng'ambo za mbali. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa fedha kutoka nje, wanawake walipata mashua zao wenyewe. Wakawaajiri wanaume kuvua, nao wakawa wenye mali. Aliyekuwa akingoja samaki kwa unyonge sasa ndiye aliyegawa. Jina la kikundi chao lilitangaza waziwazi kwamba samaki hatanunuliwa tena kwa mwili.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, nasi twapaswa kuliheshimu. Lakini yatazameni pia yaliyofuata. Mashua ya mbao huishi majini na huoza majini. Miaka ilipopita mashua zilichakaa, samaki walipungua, na fedha za kuzitengeneza hazikutosha. Kisha mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi, maji yakaifunika Nduru, watu wakahama na nyumba zao zikaharibika.

Hakuna kikundi kinachoweza kuzuia gharika. Lakini twaweza kujifunza kwamba mashua haitolewi mara moja ikaisha. Siku ile ile inapoingia majini, hesabu ya matengenezo na hesabu ya mashua ya pili zianze. Tuseme kikundi kina wanawake 20, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa juma kwa ajili ya mbao, misumari na nyavu. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa juma, na kwa mwaka shilingi 52,000. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi kisichoweza kuweka akiba ya matengenezo ni bora kianze na chombo kidogo kuliko kupokea kikubwa kitakachooza machoni pake.

Tena kuna mali inayopotea bila mvua wala gharika. Mume anapofariki, mara nyingine jamaa huja wakachukua nyavu, kitanda, hata mabati ya paa, wakisema ni mali ya ukoo. Mjane aliyejenga kwa jasho lake huanza upya akiwa na watoto mgongoni. Katiba ya mwaka 2010 inataka mila zinazombagua mwanamke katika ardhi ziondolewe, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yatambua mchango wake, hata ule usiokuwa wa fedha. Lakini sheria haisemi yenyewe ufuoni. Hivyo basi, mali ya kikundi iandikwe kwa jina la kikundi, risiti zihifadhiwe, na kikundi kiandikishwe. Tangu mwaka 2022 Kenya inayo sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo mahali pa kuuliza. Mjane mwenye karatasi husikilizwa tofauti na mjane mwenye machozi matupu.

Neno la tatu: Daftari na ufunguo

Nimeona vikundi vingi vikivunjika, na mara chache chanzo kilikuwa umaskini. Chanzo kilikuwa hesabu iliyojulikana na mtu mmoja. Mwenyekiti ni yule yule miaka kumi, daftari liko nyumbani kwake, na anayeuliza huitwa mchochezi. Kamba hukatikia pabovu, na mahali pabovu katika vikundi vyetu ni hapo.

Dawa yake si ngumu. Sanduku la akiba liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na wanawake watatu wa nyumba mbalimbali, ili lisifunguliwe ila mbele ya mkutano. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, kwa Kijaluo, ili hata asiyejua kusoma aikumbuke kichwani na kuisahihisha. Viongozi wabadilishwe kwa muda uliowekwa. Msichana aliyemaliza shule afundishwe kuandika daftari, lakini asiwe yeye peke yake anayelifahamu.

Liko pia jambo la wakati, ambalo wageni hulisahau sana. Mwanamke wa ufuoni hana saa ya kupoteza. Alfajiri yuko kwenye mashua, mchana yuko kwenye omena wake, maana wingu likitanda dakika chache zaweza kumharibia mtaji wote, na jioni kuna maji, kuni na chakula. Mkutano ukiitwa saa nne ya asubuhi, watakuja wale wasiokuwa na kazi ya ufuoni, nao ndio watakaochaguliwa. Lakini zipo siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazina nguvu na omena hawavuliwi kwa wingi. Hizo ndizo siku za mikutano na mafunzo.

Kwa sababu hiyo hiyo, marejesho ya mikopo yafuate mwezi na majira. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena katika upande wa Kenya umewekewa miezi ya kupumzika, kuanzia Aprili hata mwisho wa Julai, ili samaki wazae. Anayemdai mwanamke wa Rusinga kiasi kile kile kila juma, katika giza na mbalamwezi, katika Februari na Juni, anamsukuma akakope kwa mwingine ili alipe. Serikali ilianzisha Mfuko wa Biashara za Wanawake mwaka 2007 kwa ajili ya kuvikopesha vikundi bila riba, na Mfuko wa Uwezo mwaka 2013. Hayo ni mema. Lakini mkopo usiokuwa na riba bado ni deni, na kikundi kiujue mwendo wa mapato yake kabla ya kutia dole gumba.

Neno la nne: Kiti

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kila ufuo una chama chake cha usimamizi, kile ambacho watu hukiita BMU, kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Chama hicho hutunza amani ya ufuo, husimamia kutia nanga na kuuza, na hukusanya ada. Miongozo iliyokubaliwa na nchi zetu za ziwa inataka kamati yake iwe na wenye mashua, wavuvi, wachuuzi wa samaki na wengineo, na wanawake wasipungue watatu.

Basi nawauliza mama zetu: Wale watatu wa ufuo wenu ni nani? Je, husema mkutanoni, au huitwa wakati wa kupika chai? Kama kamati ikikata shauri kwamba samaki wauzwe kwa zamu iliyoandikwa, kwa mizani na kwa bei iliyotangazwa mbele ya wote, basi jaboya itakosa kichaka cha kujifichia. Shauri hilo halihitaji fedha za mfadhili. Lahitaji kura chache katika kamati, na mtu wa kuzisimamia asubuhi.

Eneo letu hili lina mfano mwema. Marehemu Mama Phoebe Asiyo, aliyefariki mwaka 2025, ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, mwaka 1958, na baadaye akawa Mbunge wa Karachuonyo. Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuwapatia wanawake nafasi zaidi katika uongozi. Hoja ikashindwa. Lakini neno likishasemwa halirudi kinywani. Katiba ya 2010 iliandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lenyewe limechelewa kulitimiza neno hilo. Hata hivyo mwaka 2022 watu wa Homa Bay walimchagua Bi. Gladys Wanga, mwanamke wa kwanza kuwa Gavana wao.

Nataka pia kuwaonya. Kiti chaweza kutolewa kwa mkono mmoja na kutwaliwa kwa mwingine. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na chama cha KANU, kilichotawala peke yake wakati ule. Kwa nje ilionekana kuwa heshima. Lakini tangu hapo hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, uongozi wake ukawa uwanja wa kupigania vyeo vya siasa, na wanawake wengi wa vijijini hawakuyaona tena mambo yao ndani yake. Mwanasiasa akija na mchango, mpokeeni kwa adabu, mwandikieni risiti, wala msimpe ufunguo.

Kwa wanaume waliopo hapa

Baba zangu na ndugu zangu, najua baadhi yenu mnasikiliza mkiwa na mashaka. Mwasema moyoni, "Mwanamke akipata mashua, mimi nitakuwa nani?" Swali hilo ni la haki, nalo lijibiwe waziwazi. Kazi nyingi za wanawake zimekufa kwa sababu wanaume walifichwa, wakasikia habari njiani, wakazizuia nyumbani. Mume aliyeitwa mapema, akaonyeshwa hesabu, mara nyingi huwa mlinzi wa kazi ile.

Fikirini pia juu ya binti zenu. Mwenye mashua anayeridhika na jaboya leo ana binti atakayesimama na beseni kwenye ufuo mwingine kesho, mbele ya mwanamume asiyemjua. Na fedha ya mama kwa sehemu kubwa huenda wapi? Huenda kwenye unga, karo na dawa, katika nyumba ambayo ninyi ndio mnaoitwa wenyewe.

Kwa wale wanaotuletea msaada

Nanyi mabwana na mabibi wa ofisi na wa mashirika, neno langu kwenu ni la heshima. Msipime kazi kwa idadi ya watu waliohudhuria semina. Njooni mwaka wa tano, mtazame kama sanduku lingali na fedha, kama mashua ingali inaelea, na kama mwenyekiti wa leo si yule wa siku ya kwanza. Marehemu Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alikuja na utaratibu wenye hekima: wanawake walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Wala msiondoke kwa ghafula. Semeni tangu siku ya kwanza mtaondoka lini, ili kikundi kijizoeze kutembea bila kushikwa mkono.

Mwisho

Mabibi na Mabwana, sasa ufugaji wa samaki katika vizimba unaenea katika maji yetu. Ni biashara inayotaka fedha nyingi za kuanzia, na tusipoangalia, wanawake wataikuta imekwisha kugawanywa, nao watarudi kungoja na beseni kama zamani. Huu ndio wakati wa kuuliza kizimba ni cha nani, kabla maji hayajajaa vizimba vya wenye fedha.

Kwa hiyo nawaombeni jambo moja la kutenda. Katika mbalamwezi ijayo, kila kikundi kikutane kikajiulize maswali manne. Kazi hii ni nani aliyeitaka? Mali yake imeandikwa kwa jina la nani? Ufunguo na daftari viko kwa nani? Na shauri la ufuo likikatwa, nani wetu atakuwa ameketi pale? Mahali ambapo jawabu ni "sisi", endeleeni. Mahali ambapo jawabu ni jina la mtu mwingine, anzeni hapo kutengeneza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.